Kutafuta na kufunga injini nyingine kwenye Volkswagen ya baba

Injini ya gari la baba ilikufa Hedaru, saa nane mchana, jua likiwa limesimama juu ya tambarare ya Same. Nilikuwa natoka Moshi kwenda Korogwe msibani. Nguvu ilianza kupungua, nikabadilisha gia, haikusaidia. Kisha nikasikia tak, tak, tak kutoka nyuma kushoto, kishindo kimoja, na kimya. Nilipofungua mlango wa injini joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu.

Gari lenyewe ni Beetle ya 1972, injini ya 1300 (yaani cc), rangi ya maziwa. Baba aliinunua mwaka 1978 kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahama, akatupeleka nayo shule sisi wote watano, na ndiyo niliyojifunzia kuendesha. Watu wa skrepa walinipigia simu kabla hata matanga hayajaisha. Niliwajibu kwamba haliuzwi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kazi hii nimeifanya na fundi wa hapa Moshi aliyeanza kushika Volkswagen akiwa kijana, na sasa amepita miaka sitini. Ananiita Mwalimu, mimi namwita Mzee. Ninaandika tulivyofanya kwa mpangilio wetu, kwa ajili ya yeyote ambaye Beetle yake imekaa uani imefunikwa turubai kwa sababu ameambiwa injini zake hazipatikani tena. Zinapatikana. Mexico waliendelea kuunda Beetle hadi Julai 2003, ikafika jumla ya magari 21,529,464, na Brazil waliendelea kufunga injini hii ya kupoozwa kwa hewa kwenye Kombi hadi Desemba 2005. Pistoni, ringi, beringi na sili zake bado zinatengenezwa mpya.

Kabla ya kutafuta injini, jua ya zamani ilikufa kwa nini

Siku gari lilipofika kwa kamba, Mzee hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza, "Mwalimu, hii ilikuwa inarekebishwa valvu mara ngapi?" Nikamwambia fundi wa awali alikuwa akiirekebisha kila servisi, na kila mara alisema ile ya eksozi ya silinda ya 3 imebana. Mzee akatikisa kichwa, akachukua kiti, akakaa.

Nafasi ya valvu ikizidi kupungua kila ukiipima, na ni ya valvu moja tu, mara nyingi maana yake valvu hiyo inarefuka kwa joto. Shingo yake inavutika polepole kama ubani, na siku moja kichwa kinakatika na kuangukia juu ya pistoni. Ndivyo ilivyokuwa. Tulipotoa hedi ya kushoto, kile kifuniko cha silinda chenye valvu, tulikuta kichwa cha valvu kimezama ndani ya pistoni, na vipande vya alumini vimeenea hadi kwenye oili. Mzee alipopima nyumba za beringi kubwa za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akakuta nazo zimepanuka. Kuifufua ile kesi, yaani ganda la injini, kungegharimu zaidi ya injini nzima iliyotumika.

Lakini joto lilitoka wapi? Hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili.

Injini hii haina rejeta wala maji. Feni inavuta hewa baridi kutoka sehemu ya juu, inaisukuma ndani ya boksi la bati, na hewa hiyo inalazimishwa kupita katikati ya mapezi ya silinda na hedi, kisha inatokea chini ikiwa ya moto. Mabati yote unayoyaona kuzunguka injini, pamoja na mpira mweusi unaozunguka ukingo wake na kugusa bodi, yana kazi moja: kuzuia hewa ya moto iliyotoka chini isirudi juu ikavutwa tena na feni. Fundi wa awali alikuwa ameondoa vibati viwili vya chini ya silinda, vile vinavyobanwa chini kati ya silinda na silinda, na ule mpira hakuurudisha. Alinieleza kwa moyo mweupe kabisa kwamba nchi yetu ni ya joto, injini iachwe wazi ipate hewa. Nilimwamini, mimi ninayefundisha watoto mikondo ya joto darasani.

Ukiondoa vile vibati, hewa inapita njia rahisi na kuacha upande wa chini wa silinda bila upepo. Ukiondoa mpira, feni inavuta hewa iliyokwisha kuchemka. Injini inakula joto lake yenyewe safari nzima. Kwa hiyo kabla hujaenda kutafuta nyingine, hesabu mabati yako, kwa sababu injini nzuri ukiifunga kwenye kasoro ileile utarudi Hedaru.

Injini zipi zinakaa

Injini za 1300, 1500 na 1600 za Beetle zina mwendo mmoja wa pistoni, milimita 69. Kinachotofautiana hasa ni upana wa silinda: 77 kwa 1300, 83 kwa 1500, 85.5 kwa 1600. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja, na zote zinashikwa kwenye giaboksi sehemu nne zilezile. Injini ya 1600 inakaa mahali pa 1300 bila kukata chuma.

Kombi nazo zinafaa, ila si zote. Kombi yenye 1600 ina injini iliyosimama kama ya Beetle, boksi la feni limeinuka juu. Kuanzia modeli za 1972 kulikuwa pia na Kombi za 1700, baadaye 1800 na 2000, ambazo injini yake ni bapa na feni yake imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya krenki. Hiyo iache. Nimeoneshwa moja Arusha na kuambiwa "inaingia tu, Mwalimu". Haiingii tu.

Angalia pia flaiwili, lile gurudumu zito la meno kati ya injini na giaboksi. Gari za zamani za volti 6 zina flaiwili ya meno 109, za volti 12 zina meno 130. Huwezi kuchanganya, kwa sababu stata na nyumba ya giaboksi vinafuata ukubwa wa flaiwili. Hesabu meno kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Inachukua dakika tano.

Namba ya injini imegongwa kwenye kesi, chini kidogo ya kiti cha dainamo, na inaanza na herufi. Yangu ya zamani ilianza na AB, ambayo ni 1300 ya mabomba mawili ya hewa kila hedi. AD ni 1600 ya aina hiyohiyo. F ni 1300 ya zamani yenye bomba moja, H ni 1500, D ni 1200. Kama sehemu ya namba imesagwa kwa mashine au imepakwa rangi nzito, ondoka. Usibaki kusikiliza maelezo.

Injini tatu nilizozikataa na moja niliyoichukua

Nilianza Arusha, nikaenda Dar es Salaam, Gerezani na Ilala, nikiwa na tochi, kipande cha chaki na spana namba 21. Spana hiyo inakaa kwenye nati ya puli ya dainamo, na kwa kuizungusha unazungusha injini nzima kupitia fenibelti. Injini nzima inakugomea mara nne kwa mizunguko miwili ya krenki, mgomo mmoja kwa kila silinda, na kila mgomo uwe na nguvu inayofanana. Ukiona inagoma mara tatu na ya nne inateleza, silinda moja haina kompresheni, yaani haibani hewa.

Injini ya kwanza ilikuwa ya meno 109. Ya pili ilikuwa ile bapa ya Kombi. Ya tatu ilipendeza kuliko zote: imesafishwa, imepigwa rangi ya fedha, muuzaji ameiweka juu ya meza. Nilishika puli ya krenki kwa mikono miwili nikaivuta kwangu, kisha nikaisukuma. Ikagonga. Krenki ilikuwa inatembea mbele na nyuma kiasi cha kuonekana kwa macho, karibu milimita nzima.

Kipimo hiki ndicho cha kwanza kukifanya na hakihitaji kifaa. Krenki ya injini hii inaruhusiwa kutembea kati ya milimita 0.07 na 0.13 tu, na ikifika 0.15 imechakaa. Mkono hauwezi kuhisi 0.10. Ukihisi kitu kinagonga, ujue beringi ya karibu na flaiwili imelegea kwenye nyumba yake, na kesi inahitaji kuchongwa upya. Rangi ya fedha haitengenezi hilo.

Ya nne niliisikia kwa mama mmoja tuliyekaa naye kwenye basi nikirudi Moshi. Alikuwa anatoka Lushoto, akanisikia nikilalamika kwenye simu, akasema misheni ya kwao kuna Kombi imekaa bandani miaka mingi, mapadri wanafugia kuku. Jumamosi iliyofuata nilipanda na Mzee. Barabara ile ya kona kutoka Mombo inatosha kukuonesha kwa nini misheni za milimani zilipenda Volkswagen: uzito wa injini uko juu ya magurudumu yanayosukuma, na hakuna maji ya kuchemka. Baba alikuwa na habari yake hapo. Alipenda kutukumbusha kwamba Volkswagen ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na mawe ya nchi zetu.

Kombi ilikuwa imeoza sakafu, kuku wamelala kwenye viti. Lakini injini ilikuwa 1600, namba inaanza na AD, inasomeka vizuri. Padri alitupa ruhusa ya kuikagua tutakavyo. Tuliifanyia haya papo hapo, kabla ya kutaja bei.

Tulivuta na kusukuma puli. Kimya. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina oili kidogo kila silinda, tukaiacha nusu saa, ndipo tukaizungusha kwa mkono. Injini iliyolala usiiamshe kwa stata, maana ringi zenye kutu zinaweza kukwaruza silinda. Kisha tulifungua sahani ndogo iliyo chini ya kesi, yenye nati sita, tukatoa chujio la waya. Oili ilikuwa nyeusi na nzito lakini ukiipaka kwenye karatasi na kuiweka juani haikumeta. Chembe zinazometa kama dhahabu au fedha ni beringi iliyosagika.

Tulimulika tochi nyuma ya silinda ya 3, iliyo mbele kushoto karibu na flaiwili, kwa sababu kesi hupenda kupasuka pale. Tukatazama kila stadi (bolti isiyo na kichwa) ya hedi kama imeng'oka na nyuzi za kesi. Mwisho tuliunga betri tuliyokuja nayo kwenye stata ya Kombi, tukapima kompresheni, plagi zote zikiwa nje na kabureta imefunguliwa kabisa. Tulipata paundi 110, 115, 115 na 105. Mzee alitabasamu. Namba zinazokaribiana zinatia moyo kuliko namba moja kubwa na nyingine ndogo.

Tulilipa shilingi laki tisa, tukaandikiana karatasi yenye namba ya injini, namba ya Kombi na sahihi mbili. Karatasi hiyo itakufaa mbele, usiipoteze.

Kuitoa ya zamani

Utaratibu ni uleule, injini ikiwa nzima au imekufa. Chagua sakafu ya saruji. Udongo unameza jeki.

Anza na betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma. Toa waya wa hasi, ufunge kitambaa. Kisha nenda nyuma: toa chujio la hewa kwa kuliweka wima maana lina oili, chomoa nyaya za koili, za dainamo, za choki na ule wa swichi ya oili, kila mmoja ukiufunga kipande cha plasta ya karatasi chenye jina. Mzee hapendi majina, anakumbuka kwa kichwa. Niliandika hata hivyo. Legeza waya wa pedali ya mafuta kwenye kabureta uusukume mbele ndani ya bomba lake. Toa mabomba mawili makubwa ya hewa ya moto, kisha lile bati la nyuma linalofunika eksozi.

Chini ya gari utakutana na mpira wa petroli kushoto, nyaya mbili za kufungulia joto, na mabomba mengine mawili ya hewa. Banisha mpira wa petroli kabla ya kuuchomoa, uzibe kwa bolti safi inayoukaa. Pasiwe na sigara, jiko wala taa ya kioo karibu.

Injini nzima inashikwa na vitu vinne tu, vyote vya spana namba 17. Viwili viko chini na vinaonekana. Viwili viko juu, nyuma ya boksi la feni, na unavitafuta kwa vidole bila kuona. Ule wa kulia unapita pia kwenye stata, kwa hiyo ukiutoa stata inabaki imeshikwa na nati yake ya chini peke yake. Mmoja akae juu na spana, mwingine awe chini. Legeza vya juu kwanza, viache vya chini mwisho, jeki ikiwa tayari imeshika katikati ya injini juu ya kipande cha mbao.

Sasa vuta injini moja kwa moja kuelekea nyuma, kama sentimita kumi, mpaka shafti ya giaboksi itoke kabisa kwenye klachi. Hapa ndipo watu huharibu. Wakiishusha kabla haijatoka, uzito wote unaning'inia kwenye shafti na sahani ya klachi inapinda. Chungulia kwa tochi, hakikisha pana mwanga katikati, ndipo ushushe.

Boksi la feni ni refu, halipiti chini ya bodi gari likiwa limesimama kawaida. Sisi tuliishusha injini hadi sakafuni juu ya gunia, tukaita vijana sita wa jirani, watatu kila upande, wakainua nyuma ya gari kwa bampa huku mimi na Mzee tukivuta gunia. Ilichukua pumzi tano. Gari likashushwa juu ya stendi za chuma. Mtu yeyote asiingize mwili wake chini ya gari lililoshikwa na jeki tu au na mikono ya vijana. Gunia tulilivuta kwa kamba.

Usiku wa mabati

Injini ya misheni ilipofika karakana, kitu cha kwanza tulichofanya ni kutoa boksi la feni, ingawa ilikuwa inazunguka vizuri na kila mtu alitaka kuisikia ikiwaka. Ndani tulikuta kiota cha panya: nyasi, manyoya ya kuku, vipande vya gunia, vimejaza upande wote wa kushoto juu ya silinda ya 3 na ya 4. Kwenye mapezi ya kipoza oili nyigu walijenga nyumba za udongo. Kama tungeiwasha na kuondoka, tungeua injini ya pili kwa ugonjwa uleule wa ya kwanza.

Safisha kila pezi kwa mswaki na mafuta ya taa. Tazama vimilango vya ndani ya boksi la feni kama vinafunguka mpaka mwisho. Badilisha sili za kipoza oili ukiwa umeshakifungua. Kisha panga mabati yote chini sakafuni kama unavyopanga vyombo vya harusi, uyahesabu: ya juu ya silinda mawili, vile vibati vya chini viwili, la mbele, la nyuma, la puli. Vibati vyangu viwili havikuwepo, lakini vya Kombi vilikuwepo. Mpira wa kuzunguka injini niliununua mpya na ndicho kitu kilichonipa shida kukipata kuliko vyote. Usikubali kipande cha tyubu ya baiskeli. Kinayeyuka.

Flaiwili na ndoo ya maji

Meno ya flaiwili ya Kombi yalikuwa yameliwa, hivyo tulihamisha yangu. Ukibadilisha flaiwili lazima upange upya ule mwendo wa krenki wa mbele na nyuma, na unapangwa kwa washa (pete bapa za chuma) nyembamba tatu zinazokaa nyuma ya flaiwili. Zinauzwa kwa unene tofauti, kuanzia milimita 0.24 hadi 0.36. Unafunga flaiwili na washa mbili tu bila sili, unapima mwendo kwa saa ya kupimia, unatoa 0.10, na jibu ndilo unene wa washa ya tatu. Sisi tulipata 0.42, tukatoa 0.10, tukaweka washa ya 0.32. Kisha unatoa yote, unaweka sili mpya, unafunga washa zote tatu.

Flaiwili inashikwa na nati moja kubwa ya namba 36, na inataka nguvu ya Nyuta-mita 300 na zaidi kidogo. Mzee alikuwa anaifunga kwa kusimama juu ya bomba. Nilimwomba tujaribu njia ya darasani. Tulifunga flaiwili isizunguke, tukaweka bomba la mita 1.5 lililolala sawasawa, na mwishoni tukatundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Maji na ndoo ni kama kilo 21. Zidisha kwa 9.8, zidisha kwa 1.5, unapata 309, na uzito wa bomba lenyewe unaongeza ishirini na kitu. Nati ilizunguka kidogo, ikasimama, ndoo ikabaki inaning'inia. Mzee aliitazama muda mrefu, kisha akasema sasa amejua kwa nini flaiwili nyingine zilimrudia zimelegea na nyingine zikagoma kufunguka.

Nati hiyo ina beringi ndogo ya sindano katikati. Itie grisi kiasi cha punje ya harage, isizidi, maana ikimwagika inafika kwenye klachi. Sahani ya klachi ilinganishe katikati kwa shafti ya zamani ya giaboksi, au kwa mti uliochongwa ukakaa sawasawa. Ukiwa hapo, badilisha beringi ya klachi na sili ya shafti ya giaboksi. Ni vitu vya bei ndogo ambavyo vikiharibika baadaye vinakurudisha kwenye vijana sita na bampa.

Kuirudisha

Kuingiza ni kinyume cha kutoa, ila taratibu zaidi. Weka gari gia ya nne, sukuma injini mbele ikiwa imelala sawa na giaboksi, na mwenzako azungushe puli kidogo kidogo mpaka meno ya shafti yaingie kwenye klachi. Injini ikae yenyewe hadi ikutane na giaboksi pande zote. Kama pamebaki nafasi ya kidole, usiivute kwa nati. Rudi nyuma, anza upya. Tulirudi nyuma mara tatu. Nati za 17 hazitaki nguvu nyingi, Nyuta-mita 30 zinatosha.

Mipira yote ya petroli ibadilishwe, na kila mwisho uwe na klipu. Chujio la petroli liweke chini karibu na giaboksi, usilitundike juu ya distributa, maana likivuja pale cheche ziko chini yake. Shika kile kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, ukivute. Kikicheza, kabureta irudi mezani. Beetle nyingi zimeungua kwa kibomba hicho. Nina mtungi wa kuzimia moto chini ya kiti cha mbele, nawe uwe nao.

Pedali ya klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kubana. Nafasi ya valvu zote iwe milimita 0.15, injini ikiwa baridi ya asubuhi. Nafasi ya pointi za distributa iwe milimita 0.4. Mpangilio wa kuwasha ni 1-4-3-2, silinda ya 1 ikiwa mbele kulia, na kwa injini yangu cheche inatakiwa digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu. Usiongeze digrii ili gari liwe jepesi. Cheche ya mapema nayo ni joto.

Mimina oili lita 2.5. Chomoa waya mkubwa wa koili, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Rudisha waya. Yetu iliwaka mara ya pili, ikakohoa moshi mweupe wa ile oili ya kwenye silinda, kisha ikatulia na ule mlio wake wa cherehani. Vijana walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimelala chini na tochi nikitazama kama petroli inavuja.

Kadi

Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Yangu ilisema 1285, ukubwa halisi wa ile tunayoiita 1300; sasa ni 1584, yaani ile tunayoiita 1600. Gari lilikaguliwa na trafiki, nikapeleka TRA kadi, taarifa ya ukaguzi na ile karatasi ya misheni, ili kumbukumbu zibadilishwe. Fanya hivi mapema, kabla hujasimamishwa njiani na namba mbili zisizofanana.

Kilomita 500 za kwanza niliendesha bila kuzidi 70, kisha nikaenda nayo Korogwe kuwaona wafiwa, miezi saba baada ya ile siku. Hedaru nilipita saa saba mchana bila kusimama. Jioni ya kurudi Moshi niliiacha ilale, na asubuhi Mzee alikuja na kitambaa cheupe. Tulimwaga oili kupitia kitambaa, haikuacha chembe. Akafungua kifuniko cha kushoto, akaingiza kipimo kwenye valvu ya eksozi ya silinda ya 3, akanipa nishike mwenyewe. Ilikuwa 0.15, ileile tuliyoiacha.